Sakafu ya mbao ya veranda na uzio, nyumba ya zamani ya matumbawe Tanga: nifunge ukutani au nisifunge?

mwenye_baraza

Wakuu, heshima kwenu. Nyumba iko Raskazone, ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama sentimita 50. Upande unaotazama bahari kuna veranda ya mbao, mita 7 kwa 3, sakafu yake iko sentimita 60 juu ya ardhi. Maboriti yameingizwa kwenye matundu ya ukuta. Tulipofungua tumekuta ncha zote zilizomo ukutani zimekuwa unga, ila katikati mbao ni nzima kabisa, msumari hauingii bila nyundo ya haja.

Fundi wa kwanza anataka kufunga ubao wa inchi 2x6 ukutani kwa bolti za kutanuka, maboriti yaning'inie hapo, kisha matundu yote azibe kwa saruji. Wa pili anasema nimwage zege tu, habari ya mbao iishe.

Kuna na uzio wa mbao mita 24, upande huohuo wa bahari. Nguzo zake zimekatika zote sehemu moja, pale zinapoingia ardhini.

Naomba mawazo: ukutani au siyo ukutani, mbao gani, skrubu gani, na uzio usimame vipi. Vipimo vikitajwa nitashukuru zaidi.

---

randa_na_patasi

Mkuu, kabla ya yote: nguzo za paa la veranda zimesimama juu ya nini? Kama zimekaa juu ya sakafu hiyohiyo, mtu asing'oe hata ubao mmoja mpaka paa litegemezwe kwa mirunda na jeki. Tuambie.

Sasa ukuta. Ncha unga, katikati nzima: mbao zako zimeshajibu swali. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji ya mvua na ya ardhini, halafu unayatoa polepole kwa kupumua. Ncha ya boriti nayo inanyonya maji kuliko ubavu wake, kwa sababu mirija ya mti imefunguka pale. Ukiifukia ncha ndani ya ukuta unaopumua unyevu, haina pa kukaukia.

Ukifunga 2x6 ubavuni mwa ukuta, umehamisha tu mahali pa kuozea. Maji yatateremka nyuma ya ubao huo na yatakaa. Na bolti ya kutanuka inataka zege au jiwe gumu la kipande kimoja. Ukuta wako ni vipande vya matumbawe vilivyolazwa kwenye chokaa, na jiwe lenyewe lina vishimo kama sifongo. Ukikaza, ama jiwe linapasuka ama bolti inazunguka bure. Ikishika leo, watu wakitembea juu yake kila siku itajilegeza.

Kwa hiyo jenga sakafu inayosimama yenyewe, isiyogusa ukuta. Acha mwanya wa mm 40 kati ya ncha za maboriti na ukuta.

Zege nalo lina ubaya wake. Ukijaza kifusi na zege hadi usawa wa sentimita 60, unyevu wa ardhini uliokuwa ukitokea chini ya veranda hautakuwa na njia isipokuwa ukuta. Baada ya masika moja au mbili utaona chokaa inamomonyoka ndani sebuleni, tena juu kuliko mwanzo.

Mpangilio ningefanya hivi:

Mistari miwili ya mihimili inayokwenda sambamba na ukuta, mmoja sentimita 40 kutoka ukutani, mwingine sentimita 40 kabla ya ukingo wa nje. Kila mstari unakaa juu ya vitako vya zege vitano, umbali mita 1.75 katikati kwa katikati. Jumla vitako kumi. Shimo la kila kimoja sentimita 40x40x40, juu yake kichwa cha 25x25 kinachoinuka sentimita 27 hivi. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mifuko sita ya saruji inatosha na chenji inabaki. Mchanga wa mto au wa shimo, wa ufukweni hapana, hata kama umeoshwa na mvua mwaka mzima. Ukichimba upande wa ukuta na kukuta mawe ya msingi, simama hapohapo. Usichokonoe msingi wa nyumba ya zamani, sogeza mstari mpaka sentimita 60 kutoka ukutani, maboriti yatavumilia.

Mhimili uwe 2x6 mbili, lakini usizibananishe. Weka vipande vya mm 12 katikati kila sentimita 60 ili maji yapite na hewa ipite. Mbao mbili zilizogandana ni chupa ya maji. Juu ya kila kichwa cha zege weka chuma bapa cha umbo la U, unene mm 6, kilichochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kuchomelewa. Kikichovywa kabla, kutu itaanzia kwenye mshono.

Maboriti 2x6, futi 10. 2x4 itabeba uzito lakini itanesa, watu watahisi wanatembea kwenye ngalawa. Nafasi sentimita 39 katikati kwa katikati. Hapa kuna jambo moja nalisisitiza: katikati ya veranda, kwenye mita 3.5, weka maboriti mawili yaliyoachana mm 25. Maungio yote ya mbao za juu yataangukia hapo, kila ncha ya ubao inalala kwenye boriti yake, na maji ya maungio yanaanguka chini badala ya kukaa juu ya boriti. Ukiunganisha ncha mbili juu ya boriti moja la inchi mbili, skrubu zitakuwa pembeni mno, ncha zitapasuka, na pale ndipo sakafu itakapoanza kuoza. Jumla ni maboriti 20, kumi kila nusu.

Mbao za juu: 1x4 iliyopigwa randa, inabaki kama mm 95 kwa 22. Mwanya mm 5 kati ya ubao na ubao kama mbao zimekauka. Kama bado ni mbichi weka mm 2 hadi 3, zitasinyaa zenyewe. Hiyo ni safu 30. Nunua futi 12, vipande 60 pamoja na vinne vya ziada. Futi 12 ni mita 3.66, wewe unahitaji 3.5, kwa hiyo unapata sentimita 16 za kukata. Zikate zote, hata kama zinaonekana nzuri, maana ncha za mbao za sokoni karibu zote zina nyufa.

Mteremko: sentimita 3 kutoka ukutani kwenda nje. Mpira ukiwekwa unatambaa polepole, meza haisumbui.

---

chokaa_mbichi

Naunga mkono usigonge ukuta. Niongeze upande wa matundu, kwa sababu saruji hapo ni kosa kubwa kuliko bolti.

Saruji ni ngumu na haipumui kama chokaa. Maji yaliyomo ukutani hubeba chumvi. Yakifika kwenye saruji yanageuka na kutafuta njia pembeni, yanakaukia kwenye jiwe lenyewe, chumvi inaganda ndani ya vishimo vya tumbawe na kulitafuna. Baada ya miaka michache utakuta kizibo cha saruji kizima kabisa, kimezungukwa na jiwe lililogeuka mchanga.

Fanya hivi. Chokora tundu, toa unga wote wa mbao na chokaa iliyolegea mpaka usikie jiwe. Usiache hata kipande cha mti wa zamani, mchwa watakirudia. Nyunyiza maji, subiri yanywe, nyunyiza tena. Panga vipande vya matumbawe ndani, ukivibana kwa chokaa 1 kwa mchanga 3. Acha mm 20 kabla ya kufikia uso wa ukuta. Kisha lipu ya chokaa tabaka mbili, kila moja isizidi mm 12, ya pili baada ya ile ya kwanza kushika kiasi kwamba kidole kikibonyeza hakiachi alama. Funika kwa gunia bichi, lilowanishe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Jua la Tanga likiipiga chokaa siku ya kwanza, itapasuka kama tope la chumvini.

Chokaa iwe imezimwa na kulowekwa wiki mbili angalau, mwezi ni bora. Ile ya mfuko ya unga ukilazimika kuitumia, iloweke usiku kucha iwe uji mzito kabla ya kuchanganya.

Tena, angalia udongo chini ya veranda. Nyumba nyingi za zamani udongo umepanda miaka na miaka kwa kufagia, majani na kifusi. Ukikuta uko juu ya ule wa uwanja, uondoe, na mita ya kwanza kutoka ukutani iteremke nje sentimita 2 au 3. Hii haina gharama zaidi ya chepe na toroli, na ndiyo inayosaidia kuliko dawa yoyote.

---

mwenye_baraza

Ahsanteni sana. Nguzo za paa zimesimama juu ya vizimba vyao vya mawe, hazigusi sakafu. Udongo chini kweli umepanda, tena mpaka unakaribia maboriti.

Sasa mbao. Nimeambiwa kuna mtiki wa Longuza, mvule, mninga, na misindano ya dawa. Mbao ya zamani iliyobaki nzima fundi anasema ni mkongo. Na skrubu, kila duka wanasema zao ni stenlesi.

---

msumari_wa_shaba

Kama ni mkongo kweli, usiutupe! Kata ncha zilizooza, chomeka bisibisi kila sentimita 30, pale isipoingia zaidi ya mm 2 au 3 ubao bado ni mzima. Wanaotoka Mombasa na Lamu wanauita mbambakofi, na ni mti wa milango na majahazi. Kwa kuwa maboriti sasa hayaingii ukutani, yatakuwa mafupi kwa sentimita kadhaa za kutosha kukata sehemu mbovu. Hesabu kwanza mangapi yanafika mita 2.9 kabla hujanunua jipya.

Mtiki: kiini chake ni kizuri sana, weupe unaozunguka kiini hauna thamani kwa kazi ya nje. Miti ya kupandwa iliyovunwa michanga ina weupe mwingi, na muuzaji anahesabu vyote bei moja. Kataa ubao wowote wenye mstari mweupe pembeni. Usidanganyike kwa kusema "ni mtiki". Weupe wa mtiki unaoza na kuliwa kama mti mwingine wowote.

Mvule nao ni kiini tu. Humo ndani wakati mwingine kuna mawe, mawe kweli, ya chokaa iliyoganda ndani ya mti. Fundi akilalamika msumeno umekatika meno, hakudanganyi.

Mninga unatulia, haupindi ovyo, lakini bei yake kwa sakafu ya nje ni kama kuvaa kanzu ya harusi kwenda shamba. Ukinunua mbao yoyote ya asili dai risiti na TP yake (kibali cha kusafirisha mazao ya misitu), usije ukakamatwa njiani kwa kosa lisilo lako.

Misindano ya dawa inafaa kwa maboriti kama dawa imeingia kwa mgandamizo. Ijaribu: kata sentimita 30 kutoka ncha, tazama mkato. Rangi ya kijani ikiishia mm 2 tu kutoka ukingoni, ubao huo ulichovywa au kupakwa, urudishe. Na uliza dawa ni ya aina gani. Ile ya boroni inafaa kwenye kenchi, ndani. Nje mvua inaiosha yote.

Skrubu sasa. Safu 30, maboriti 20, skrubu mbili kila pahala: 1,200. Nunua 1,300. Urefu mm 60 hadi 65, unene mm 5. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari omba stenlesi ya daraja la 316. Ile ya kawaida, 304, haifi, lakini inatoa madoa ya rangi ya chai, na chini ya kichwa cha skrubu, penye chumvi na unyevu, hutoboka. Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316. Inachoweza ni kukuonyesha chuma kilichopakwa: sumaku ikishika kwa nguvu ukasikia "tap", hiyo si stenlesi, weka chini. Ikivuta kidogo tu usiitupe, skrubu za 304 huvuta kidogo kwa sababu ya jinsi zilivyotengenezwa. Uthibitisho wa 316 ni maandishi ya kiwandani kwenye boksi au kichwani, ambapo mara nyingi huandikwa A4.

Zile nyeusi za kufungia jipsamu zisiingie kabisa kwenye eneo la kazi. Ni ngumu na zinakatika kama kaa la mkaa, na kutu huzimaliza ndani ya msimu. Za njano nazo hivyohivyo, ile njano ni pazia tu. Misumari ya kawaida kwenye mkongo au mvule itatoa madoa meusi yanayotiririka kama wino, kwa sababu maji ya mti huo yakikutana na chuma ndivyo yanavyofanya.

Namna ya kufunga: toboa ubao kwa biti ya mm 5.5, boriti kwa biti ya 3.5. Tundu la ubao liwe pana kuliko skrubu, ili ubao utanuke na kusinyaa bila kuikata shingo. Skrubu iwe mm 20 kutoka ukingo wa ubao, na usiifukie. Kichwa kikae sawa na uso. Kikizama mm 3, umechimba kikombe cha maji mara 1,200.

Juu ya kila boriti, kabla ya ubao, pitisha ukanda wa karatasi ya lami, upana sentimita 7, uning'inie sentimita 1 kila upande. Tundu la skrubu ndilo mlango wa maji kuingia kwenye boriti. Ukanda huo unabana kuzunguka skrubu.

---

mlango_wa_kusi

Mimi nije kwenye uzio, naona mmeusahau.

Nguzo zimekatika usawa wa ardhi kwa sababu hapo ndipo penye hewa na maji pamoja. Chini zaidi maji yapo lakini hewa ni kidogo, juu hewa ipo lakini mti unakauka. Zege halitibu hilo. Nguzo ikisimamishwa ndani ya zege inasinyaa, mwanya wa unene wa sarafu unajitokeza, maji yanaingia na kukaa humo kama kwenye glasi.

Nguzo: mkaratusi wa dawa, kipenyo inchi 4 hadi 5, futi 8. Mita 24 kwa nafasi ya mita 2 ni nguzo 13. Usifike mita 3 kati ya nguzo upande wa bahari, kusi itakukumbusha. Sentimita 70 zikae ardhini, mita 1.7 zibaki juu. Kama utahitaji kufupisha nguzo, kata ncha ya juu, ya chini usiiguse. Dawa imeingia kwenye nyama ya nje tu, kiini hakijanywa. Ukikata chini umefungulia mchwa mlango wa katikati. Ncha uliyokata juu iwe na mshazari, paka dawa mara mbili, au vika kofia ya bati.

Shimo upana sentimita 30, kina 80. Sentimita 10 za chini jaza kokoto tupu, simamisha nguzo juu ya kokoto, si juu ya zege, ili maji yapate pa kutokea. Zege 1:2:4 lijazwe kuzunguka, mfuko mmoja wa kilo 50 unafanya kama mashimo matatu, kwa hiyo mifuko mitano. Uso wa zege uinuke sentimita 5 juu ya ardhi na uteremke pande zote kama kofia ya mtama. Baada ya wiki mbili, nguzo ikishasinyaa, ziba ule mwanya kwa lami iliyoyeyushwa. Kazi ya dakika kumi kwa nguzo, na mafundi wengi wanairuka kwa sababu wameshalipwa.

Ukifika kwenye mwamba wa matumbawe sentimita 40 chini, shukuru. Endelea kwa mtaimbo na tindo hadi 55, inatosha, mwamba unashika kuliko mchanga. Kwenye mchanga mtupu fanya kinyume: shimo liwe pana sentimita 40.

Papi za kulala, zinazounganisha nguzo, ziwe 2x3, mistari mitatu. Zisikae bapa, zisimame kwa ubavu mwembamba, na sehemu ya juu ipigwe randa kidogo imwage maji. Mbao za kusimama 1x4, urefu mita 1.5, zikiachana mm 45. Ni mbao 171 hivi, toa zile za geti. Usizibane zikawa ukuta. Uzio uliozibwa ni tanga, na tanga bila mlingoti mnene linalala chini siku ya kwanza ya upepo. Chini zisiguse ardhi, acha sentimita 8. Najua kuku watapita. Bora kuku.

Kona na nguzo za geti zinahitaji mshazari wa kuzisukuma au kina cha sentimita 90. Nguzo ya geti ndiyo inayobeba mtoto anayening'inia.

Uwe na uhakika pia uzio hauingii ndani ya mita 60 za ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu hapo. Kama mstari wa zamani uko karibu, pitia halmashauri kabla ya kuchimba.

---

pwani_kavu

Nguzo pakeni oili chafu ya gari mara mbili, mchwa hawasogei. Rahisi. Na kama mnataka kuepuka gharama yote hiyo, pandeni mnyaa.

---

mlango_wa_kusi

Oili chafu inafukuza maji juujuu kwa miezi, haiingii ndani ya mti, na mchwa akishapita kwenye ufa mmoja anakula kiini kwa raha zake huku nje kukiwa kweusi vizuri. Kwa kigingi cha kufungia mbuzi sawa. Kwa nguzo 13, hasa kama kuna kisima karibu, hapana, inachuruzika ardhini. Kumbuka pia rangi yoyote haitashika juu yake tena.

Mnyaa unastahimili chumvi na ukame, hilo kweli. Ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Ukiwa na watoto wanaocheza mpira uwanjani, au fundi wa kupogoa asiyevaa miwani, fikiria mara mbili.

---

mwenye_baraza

Nimeelewa. La mwisho, kupaka nini na kila baada ya muda gani? Duka moja wameniuzia wazo la vanishi ya boti.

---

randa_na_patasi

Vanishi kwenye sakafu inayopigwa jua na kukanyagwa ni mateso. Inafanya ngozi, ngozi inapasuka, maji yanaingia chini yake, inababuka vipande vipande, na kuiondoa unahitaji msasa wa sakafu nzima. Paka mafuta ya kupenya, yasiyofanya ngozi. Mafuta ya kitani matupu, kwa unyevu wetu, yanaota ukungu mweusi, kwa hiyo chagua yaliyochanganywa dawa ya ukungu. Mtiki ufute kwanza kwa kitambaa chenye thina, una mafuta yake mwenyewe yanayokataa ya kigeni.

Paka kabla ya kufunga, pande zote nne za ubao. Mbao zako zote ni kama mita za mraba 49, lita 5 kwa mkono mmoja, 10 kwa mikono miwili. Ncha za mbao zipake mara tatu mfululizo, zikinywa ongeza, mpaka zikatae. Vitambaa vyenye mafuta usivikunje na kuviacha kwenye ndoo. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje kimoja kimoja au vizamishe majini.

Wakati: siyo masika, na siyo siku ya upepo mkali wa bahari. Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu, au Septemba. Siku ya kwanza osha kwa maji baridi ya bomba na brashi ya nyuzi, acha ikauke siku mbili. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia ndani, inavuta unyevu na mafuta hayashiki. Mashine ya maji ya nguvu iache, inachana nyuzi za mbao na kuacha manyoya. Chumvi peke yake ikiachwa miaka huleta manyoya hayohayo, yafute kwa msasa namba 80 tu. Usilainishe zaidi, mafuta yatakosa pa kuingilia.

Ukingo wa upande wa bahari utahitaji mafuta kila mwaka. Sehemu iliyo chini ya paa inaweza kukaa miaka miwili. Mwagia matone ya maji: yakisimama kama shanga bado, yakinywewa ndani ya dakika chache umechelewa kidogo.

Mara mbili kwa mwaka ingia chini na tochi. Tafuta njia za udongo za mchwa kwenye vichwa vya zege, zivunje na utazame kama zinajengwa tena baada ya siku tatu. Chini ya mbao tafuta pia vichembe vikavu kama mbegu ndogondogo, vimejikusanya kichuguu. Huyo ni mchwa wa mbao kavu, hahitaji udongo, na vichwa vya zege havimzuii. Akionekana kwenye boriti moja, litoe hilo moja haraka.

---

chokaa_mbichi

Na ule mwanya wa mm 40 ukutani, usafishe kila baada ya upepo. Majani ya mkungu yakijaa humo yanakaa mabichi, na umerudi ulikotoka. Waya mgumu uliopindwa ncha unatosha.

---

msumari_wa_shaba

Mabaki ya nguzo za dawa mafundi hupenda kuondoka nayo kwa kuni. Usiwape. Nyingi za nguzo hizo zina arseniki, na moto hauimalizi, inabaki kwenye moshi na majivu. Wakati wa kukata wavae barakoa, na tandaza turubai chini ya msumeno, hasa kama kuku wako wanachokora hapo.